Ngozi ya samaki sawa, na kutembea je?
Hii makala ya kidonda cha sukari (kidonda cha mguuni cha mgonjwa wa kisukari) kubandikwa ngozi ya samaki mnaicheka bure, ipo kweli, ni ya samaki anaitwa cod wa Iceland, wanatoa seli zote inabaki kama wavu, nyama mpya inaota humo. Ila mwandishi kaishia hapo jamani! Ukibandika juu ya nyama iliyooza au damu haifiki mguuni hela imeenda hiyo. Mamdogo wangu kidonda kiko chini ya kidole gumba, wanamsafisha vizuri tu, akitoka hapo moja kwa moja sokoni na ndala zimelika upande, mguu una ganzi hasikii kitu, anakikanyagia tu hicho kidonda. Mngeandika basi na habari ya viatu maalumu au plasta gumu (kama lile la mtu aliyevunjika mguu) la kuondoa uzito pale kidondani.