Twiga, ngoma, mvua, safari

Simu iliniponyoka kwenye pantoni, katikati ya Magogoni na Kigamboni, nikipiga picha meli inayoingia bandarini. Ilisema chubwi, basi. Abiria mmoja akanipa pole, mwingine akauliza ilikuwa aina gani. Mimi natabasamu tu. Sarafu ya kidijitali haikai ndani ya simu. Iko kwenye daftari la mtandao, na pochi ni ufunguo wake. Unapakua programu kwenye simu nyingine, unachagua kurejesha pochi, unaandika yale maneno 12 ya siri uliyopewa siku ya kuifungua, kwa mpangilio uleule, umemaliza. Na maneno yangu yalikuwa nyumbani, nyuma ya fremu ya picha ya harusi.

Ila nilikuwa nimejifanya mjanja. Ili mwizi akiiona karatasi asiambulie kitu, niliyatafsiri yote kwa Kiswahili, yale ya Kiingereza nikayachana.

Nafika Tandika, mke wangu kaishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Baba Salma, huyu mganga ni wa wapi?" Akasoma kwa sauti: "Twiga, ngoma, mvua, safari, nazi, mbuzi, mtoto, pua, haraka, chumvi, daraja, pete. Mbuzi mzima huyu, au ile ya kukunia nazi?"

Kusema kweli hata mimi ningeogopa.

Nikamwita mpwa wangu anayesoma kompyuta chuoni. "Shikamoo mjomba," akasema, akaisoma karatasi, akacheka mpaka akakaa chini. Pochi nyingi hufuata kiwango cha BIP39 cha mwaka 2013, chenye orodha ya maneno 2048. Orodha hiyo ipo pia kwa Kijapani, Kikorea, hata Kicheki. Kiswahili hakimo. Twiga ni "giraffe", hana mwenzake. Lakini safari? Kwenye orodha kuna "journey", "travel" na "trip". Mtoto: "baby", "child", "kid". Ngoma: "drum" au "dance". Haraka ndiyo ilinimaliza: "hurry", "quick", "rapid", "swift". Zidisha 3 kwa 3 kwa 2 kwa 4: michanganyiko 72.

Mingi programu iliikataa palepale, kwa sababu neno la 12 limebeba biti 4 (yaani tarakimu za 0 na 1) za ukaguzi zinazotokana na maneno yote. Kwa wastani mchanganyiko mmoja katika 16 ndio hupita. Wa tisa ukapita. Pochi ikafunguka. Salio: 0.00.

Nikapiga yowe la kuibiwa. Jirani akaja na rungu mkono mmoja, tonge la ugali mkono wa pili.

"Hujaibiwa, mjomba. Hii ni pochi ya mtu ambaye hajazaliwa."

Kumbe mchanganyiko wowote unaopita ukaguzi hufungua pochi halali, ila si yako. Programu ingeandika tu, "Anwani hii haijawahi kutumika, hakiki maneno yako," jirani angemaliza ugali wake. Na siku ya kuifungua pochi ingenilazimisha niyarudie maneno kwa Kiingereza kabla ya kupokea hata senti. Yenyewe iliniwekea kitufe cha "Baadaye", na mimi na baadaye ni marafiki wa siku nyingi.

Wakati huohuo, "mhudumu" mmoja wa Telegram, sijui kanipataje, ananisihi nimtumie maneno anisaidie kutafsiri. Mpwa wangu akambloku bila hata kuniuliza.

Akazima data. Anwani, yaani namba ya kupokelea pesa, inazalishwa na maneno yenyewe, haihitaji intaneti. Intaneti ni ya kuonyesha salio. Tukachukua anwani niliyowahi kumtumia shemeji kwa ajili ya malipo. Anwani zote za Tron, mtandao zilikokuwa sarafu zangu, huanza na T, kwa hiyo mwanzo haukutusaidia, tukawa tunalinganisha herufi sita za mwisho. Zikafunguka pochi mbili zaidi, anwani si yangu. Wa 53 ndio ukakubali. Tukawasha data: USDT 40, sarafu za kidijitali zinazofuata thamani ya dola, zimetulia kama hazinijui.

Nikataka kuzihamishia kwenye pochi mpya usiku uleule, maana maneno mtaa mzima umeshayasikia. Programu ikagoma. Ada ya mtandao wa Tron hulipwa kwa TRX, sarafu ya mtandao wenyewe, na TRX sikuwa nayo hata moja. Nina abiria 40 stendi, nauli hamna! Mpwa wangu akanikopesha TRX, na hadi leo ananidai.

Maneno mapya nimeyaandika kwa Kiingereza, kama yalivyo, nakala mbili. Mke wangu kaiona ya kabatini.

"Siku hizi umehamia kwa mganga wa kizungu?"