Kabla Hujahamia Texas: Minnesota Ninavyoijua

Kila Januari makundi yetu Wakenya ya WhatsApp hapa Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, hugeuka mabaraza ya kuhama. Mtu anapiga picha dashibodi ya gari lake, kipimajoto kiko chini kabisa ya sifuri, anaandika neno moja tu: "Texas." Wengine wanafuata na hesabu zao. Texas hakuna kodi ya mapato ya jimbo. Texas nyumba ni kubwa. Texas Machi umeshapanda sukuma wiki. Ikifika Mei, barafu ikayeyuka ziwani na mbuzi akawa juu ya makaa, ubishi unakufa wenyewe. Ila kila mwaka wachache huondoka kweli, na nimewasindikiza watu niliowapenda.

Mimi nimebaki, na si kwa uvivu. Nitasema kwa nini, na nitasema pia yale ya jimbo hili ambayo hadi leo hayajanipita kooni, kwa sababu naona wanaolitukana wanalitukana kwa lile lisilo kubwa.

Baridi kwanza, tuimalize. Ni kali kuliko ulivyoambiwa. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri kwa kipimo cha Selsiasi, upepo ukiwa bado haujahesabiwa, na hata posta ikasitisha kupeleka barua. Siku kama hiyo vinyweleo vya pua huganda kwa pumzi ya kwanza nje ya mlango. Betri ya gari inazima. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu hula gari kutoka chini, na fundi anakuonyesha kutu ungali unalilipia mkopo.

Hayo yote ni kweli, lakini ni matatizo ya pesa na mavazi. Ukishaingia ndani yamekwisha. Sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba ya kupanga ahakikishe joto halipungui kama nyuzi 20 za Selsiasi kuanzia Oktoba mosi hadi Aprili 30. Katika miezi hiyo hiyo kampuni ya stima au gesi haiwezi kukukatia joto ikiwa mmekubaliana utakavyolipa deni na unalipa hivyo. Dada yangu kule nyumbani Kenya tokeni za stima zikimwishia saa tatu usiku hakuna wa kukubaliana naye. Anawasha tochi ya simu. Nimelelewa Naivasha kwenye nyumba ya mabati, na aliyewahi kulala kule usiku wa Julai atanielewa nikisema nimehisi baridi zaidi kitandani Naivasha kuliko kitandani hapa Brooklyn Park, pembeni mwa Minneapolis.

Kinachonitesa mimi ni giza. Desemba jua huzama saa kumi na nusu jioni. Wengi wetu tunahudumia wazee na wagonjwa, na shifti ni za saa nyingi, wengine wanapiga dabo. Unaingia kazini gizani, unatoka gizani, wiki inakwisha hujaliona jua ila kupitia dirisha la mgonjwa. Daktari anakuandikia vitamini D na kukuambia utembee nje. Nje wapi? Juni mambo yanageuka, saa tatu usiku kungali na mwanga na watoto wanagoma kulala, lakini Desemba hakuna anayeishi kwa kumbukumbu ya Juni.

Na kuna karaha ambazo hakuna anayekuambia kabla hujaja. Theluji ikianguka nyingi, jiji la Minneapolis linatangaza dharura na kuweka masharti ya kuegesha ya siku tatu. Usiku wa kwanza barabara kuu ziwe wazi. Siku ya pili mitaa mingine iachwe wazi upande wa namba shufwa. Siku ya tatu upande wa namba witiri. Mgeni anatoka shifti ya usiku, macho mekundu, anaona mtaa mzima una nafasi, anamshukuru Mungu, anaegesha, anaenda kulala. Nafasi ile ipo kwa sababu wenyeji wote wameondoa magari yao. Akiamka gari limeshavutwa, na pesa ya kulikomboa ni jasho la siku.

Sasa kodi, hoja kuu ya watu wa Texas. Kodi ya mapato ya Minnesota inaanzia asilimia 5.35 na kupanda hadi 9.85 kwa wenye nacho. Inauma, sikatai. Lakini sisi Wakenya tunajua maumivu mengine ya kodi. Kaka yangu ni mwalimu kule. Anakatwa kodi ya mapato, asilimia 2.75 ya bima ya afya, asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, na makato mengine. Mtoto wake akilazwa, ananipigia simu mimi. Vijana waliojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, kwa ninavyowaelewa, hawakuwa wanakataa kodi kwa kuwa ni kodi. Walikuwa wanauliza inakwenda wapi.

Hapa naona inakokwenda. Tangu 2023 kila mtoto wa shule ya umma anapewa kiamshakinywa na chakula cha mchana bure, bila mtu kuuliza mzazi anapata ngapi. Tangu Januari 2024, kwa kila saa 30 unazofanya kazi unajiwekea saa moja ya kuugua yenye malipo, hadi saa 48 kwa mwaka. Na Januari 2026 jimbo lilianza mpango wa likizo ya malipo kwa anayejifungua, anayeugua sana au anayemuuguza wake. Mtu wa ofisini anaweza kuona hayo ni madogo. Muulize mama anayewaogesha wazee tangu alfajiri, ambaye zamani akishikwa na homa alikuwa anachagua kati ya kwenda kazini akitetemeka na kukosa pesa ya pango.

Texas nako pesa zinatoka, ila kwa mlango mwingine: kodi ya mali juu ya ile nyumba kubwa unayojivunia. Na baridi uliyoikimbia inaweza kukufuata. Februari 2021 mtandao wa umeme wa Texas ulizidiwa na dhoruba ya baridi, mamilioni wakakosa stima, na zaidi ya watu 200 walikufa, wengine ndani ya nyumba zao. Simsemi vibaya aliyehama. Binamu yangu yuko huko, amepanda kunde nyuma ya nyumba na hataki kabisa kusikia hadithi zangu za kodi.

Kuna jambo moja la Minnesota ambalo naliringia kana kwamba nimelijenga mimi, nalo ni maziwa. Wanajiita nchi ya maziwa 10,000, na kwa hesabu ya jimbo yenye ukubwa wa ekari kumi na kuendelea ni 11,842, yaani hawakutia chumvi, walipunguza. Lakini si wingi unaonifurahisha. Nenda Ziwa Bde Maka Ska, Harriet au Nokomis, ndani kabisa ya Minneapolis, utaona majumba ya kifahari yanatazama maji, na kati ya jumba na maji kuna barabara ya umma, njia ya baiskeli, njia ya miguu na nyasi za kila mtu. Tajiri amenunua mandhari, hakununua ziwa. Jumamosi ya Julai ukingo unajaa: wasichana wa Kisomali na hijabu zao juu ya baiskeli, ukoo mzima wa Kihmong, watu wenye asili ya Asia, umetandaza mikeka, mzee mmoja na ndoano yake ambaye sijawahi kumwona akipata samaki.

Mimi nilikua karibu na ziwa nikiliona kupitia ua. Ukingo wa Ziwa Naivasha sehemu kubwa ni mashamba ya maua, hoteli na mali za watu, na sehemu ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kufika majini zinahesabika. Tunajua gharama ya kuokoa hata uwanja mmoja: mwaka 1989 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, ilibidi asimame mbele ya serikali nzima ili Uhuru Park, bustani ya umma Nairobi, isijengewe jengo la ghorofa 60. Kila nikitembea Nokomis namkumbuka mama yule.

Lakini ukiuliza ni nani walioruhusiwa kununua nyumba karibu na uzuri huu, ndipo utamu unapoingia shubiri. Kuanzia 1910, hati nyingi za nyumba Minneapolis ziliwekwa kifungu kwamba mali ile isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu asiye mweupe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamezipekua hati hizo na kuzichora kwenye ramani, na ukiitazama unaona vitongoji vizima vya kusini mwa jiji, huko huko kwenye bustani na vijito, vimejaa alama. Jimbo lilipiga marufuku kuandika vifungu vipya mwaka 1953, na sheria ya nchi nzima ikaja 1968. Kufikia hapo nyumba zilishapanda bei mikononi mwa waliokuwemo, wakawarithisha watoto wao. Leo pengo la umiliki wa nyumba kati ya weupe na weusi hapa ni kati ya mapana zaidi Marekani.

Sikuhitaji mtu anifafanulie ramani ile. Ardhi ya kwetu ilikuwa sehemu ya nyanda walizojitengea walowezi wa Kizungu, na Mwafrika alikuwepo pale kama kibarua, si kama mwenye hati. Unaweza kuvuka bahari mbili ukakuta mkono ule ule umeandika karatasi ile ile.

Kisha ikaja tarehe 25 Mei 2020. George Floyd, mtu mweusi, aliuawa na polisi hapa Minneapolis kwenye kona ya mtaa wa 38 na Chicago Avenue. Simu zikaanza kutoka nyumbani: "Si ulisema huko ni kuzuri?" Ni kuzuri. Na ni huko huko. Jimbo linalomlisha kila mtoto shuleni ndilo mwanangu wa kiume akianza kuendesha gari namfundisha aweke mikono juu ya usukani akisimamishwa. Sisi nasi tusijitie usafi: waliowapiga vijana risasi Nairobi Juni ile ya 2024 hawakuwatofautisha kwa rangi. Lakini hapa natarajiwa kushukuru na kunyamaza, na hilo ndilo silipendi kuliko theluji yote ya Februari.

Halafu kuna majirani. Wangu ni mzee mweupe mstaafu. Theluji ikianguka usiku, alfajiri nasikia mashine yake inanguruma, na nikifungua mlango njia yangu imeshasafishwa. Ananipungia mkono. Nampungia. Nilipolazwa hospitalini alinikatia nyasi majira yote. Hakuja kuniona, na sijawahi kuvuka kizingiti chake. Wenyeji wenyewe wana utani kwamba mtu wa Minnesota atakuelekeza popote duniani isipokuwa nyumbani kwake.

Naivasha Mama Njeri angeingia na hodi ikiwa bado mdomoni, akafunua sufuria, akaniambia nimekonda. Angekuja hospitalini na uji kwenye chupa ya chai. Pia angejua mshahara wangu, angemweleza kila mtu kwamba nimekosana na shemeji, na nyasi zangu zingefika magotini. Nimeacha kuamua nani kati yao ni jirani mwema. Namkumbuka mmoja na kumhitaji mwingine.

Kinachotuweka hai kati ya kimya hicho ni kwamba hatuko wachache. Ukisema "Bwakire", salamu ya Kikisii, kwenye duka fulani la vyakula Brooklyn Park utaitikiwa na nusu ya foleni, maana Abagusii wamejaa huku kuliko mtu wa nje anavyodhani. Karmel Mall, soko la Wasomali Minneapolis kusini, mwenye duka la madira aliyelelewa Eastleigh, Nairobi, ananiuliza, "Dada, wewe wa wapi?" Tunazama kwenye habari za Nairobi, bei inasahaulika, kisha yeye anaikumbuka. Ilhan Omar, aliyeishi utotoni kambi ya wakimbizi Kenya, alichaguliwa kuingia Bunge la Marekani mwaka 2018 na watu wa jiji hili. Nipe jimbo jingine lenye baridi namna hii ambalo Kiswahili kinaweza kukupunguzia bei ya dira.

Msiba nao haumkuti mtu peke yake. Habari ikitoka usiku, asubuhi kuna kamati, mweka hazina, na mkutano ukumbini Jumamosi hadi mwili usafirishwe. Nikiwa mkweli, michango inachosha. Kuna miezi simu ikilia naitazama kwanza kabla sijaipokea. Ila nimekaa kwenye viti vile vya plastiki nyakati zangu mwenyewe, na sitachekelea harambee tena.

Mdogo wangu amekubaliwa shule mbili za uuguzi, moja hapa na moja Texas, na ananiuliza aende wapi. Nimemwambia aje huku. Masomo yanaanza mwisho wa Agosti, kwa hiyo atakuta joto, mbu wasio na haya, maonyesho makubwa ya jimbo yakiendelea, na atadhani habari za baridi nilimtungia. Jaketi asihangaike nayo Gikomba, soko la mitumba Nairobi. Nguo hapa hazitozwi kodi ya mauzo, na za pale hazikushonewa Januari ya huku. Nafasi ya sanduku ajaze unga wa wimbi na majani ya chai.