Steringi Akiwa Muuaji: Filamu ya Tatu ya Rob Zombie Kuhusu Ukoo wa Firefly

Ukiingia kibanda umiza chochote, vile vibanda vya kuonyeshea muvi, kiwe cha Chang'ombe au Nkuhungu hapa Dodoma, kuna kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi. Apigwe risasi, gari limlipukie, atainuka tu. Kanuni hiyo haijawahi kumsumbua mtu kwa sababu steringi tuliyemzoea yuko upande wa wanyonge. Filamu ya 3 from Hell, iliyotoka Marekani Septemba 2019, inampa kinga hiyohiyo mtu anayeua kwa kujifurahisha.

Ni filamu ya tatu ya mkurugenzi Rob Zombie kuhusu ukoo wa wauaji wa Firefly, baada ya House of 1000 Corpses ya 2003 na The Devil's Rejects ya 2005. Wahusika wakuu ni Otis, Baby na mzee Spaulding anayejipaka rangi za mchekeshaji. Filamu ya pili ilishawamaliza. Wako ndani ya gari la wazi, damu imewatapakaa, polisi wameziba barabara, nao wanashika bunduki na kuwaendea. Muziki unapanda, risasi zinawapata, basi. Mtazamaji alibaki anapambana na nafsi yake: wamelipwa walichostahili, lakini mbona roho inamuuma kwa ajili ya watu waliotoka kuwatesa mateka motelini? Ni wakurugenzi wachache wa filamu za kutisha wanaoweza kumfikisha mtu hapo.

Ya tatu inatuambia hawakufa. Walipona, wakafungwa. Spaulding anauawa gerezani kwa sindano ya sumu, Otis anatoroka kwa msaada wa ndugu yao wa kambo, Foxy, wanamtoa Baby gerezani, kisha wote watatu wanakimbilia Mexico.

Wanaoitetea wana hoja ya kusikilizwa. Ndani ya filamu yenyewe kuna umati unaodai wauaji hawa waachiwe huru, na kamera za habari zinawageuza kuwa mastaa. Sehemu hiyo imewekwa mwishoni mwa miaka ya 1970, katika Marekani ambayo Charles Manson, kiongozi wa kundi la wauaji, alikuwa na wafuasi wa kumwabudu hata akiwa kifungoni. Zombie anaijua aibu hiyo ya jamii yake na anaionyesha. Halafu kuna suala la Sid Haig, aliyeigiza Spaulding. Alikuwa mgonjwa, sehemu yake ikapunguzwa sana, na Foxy akaandikwa ili kuziba pengo. Haig alifariki Septemba 21, 2019, siku chache tu baada ya filamu kuanza kuonyeshwa. Kwa waliompenda, zile dakika chache akiwa gerezani, amekonda, sauti ikiwa bado ileile, ni kwaheri ambayo hakuna hoja ya maadili inayoweza kuwanyang'anya. Nami siwanyang'anyi.

Wengine hukumbusha kwamba hata sisi tumelelewa na hadithi za zimwi linalomeza kijiji kizima. Ni kweli, na bibi hakuwa akipunguza makali. Lakini katika hadithi zile tumbo la zimwi hupasuliwa na waliomezwa wakatoka. Watetezi watajibu kwamba maisha hayako hivyo, na kwamba wapo wauaji wanaozeeka majumbani mwao kwa amani. Hilo nalikubali. Ila filamu hii haituachi na uchungu wa jambo hilo. Ule umati unasahaulika mapema, na tukifika Mexico wauaji wetu wanaletewa genge la watu waliovaa vinyago ili sisi tuwashangilie wao. Shida yangu iko hapo, wala si kwenye wingi wa damu. Tazama nyumbani kwa mkuu wa gereza: familia imeshikwa mateka, mchekeshaji wa watu anafika mlangoni na mavazi yake ya kazi, analazimishwa kuchekesha, kisha anauawa. Kule motelini katika filamu ya pili, mateka walikuwa wanamuziki wenye wake zao na hofu tuliyoibeba pamoja nao. Hapa mchekeshaji yule ni kichekesho cha Otis tu.

Sasa ilete filamu hiyo kibandani. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani, lakini muvi husafiri kwa flashi, na mwenye kibanda saa kumi jioni anaangalia mia tano mkononi mwa mtoto, haulizi umri. Wanaotaka filamu za namna hii zipigwe marufuku kabisa wanasahau kwamba mwanachuo wa UDOM ataitazama hosteli kwenye laptopu yake, na akiwa mtu mzima sioni kwa nini azuiwe. Kibandani hali ni tofauti kwa sababu kuna DJ anayetafsiri. Yeye ndiye anayeamua nani aitwe "steringi wetu". Akimwita Otis hivyo, watoto waliokaa benchi la mbele watashangilia mchekeshaji yule anapouawa. Ningemtaka mwenye kibanda aiweke usiku, watoto wakiwa kwao, na DJ akifika kwenye nyumba ile aache utani, awaambie waliokaa mbele yake kwamba yule baba alikuja kutafuta riziki.