Tuache kumpima mbogo kwa tepu

Juzi usiku kwenye grupu letu la wasapu, la sisi tuliowahi kufanya kazi porini, mtu katupia picha ya mteja wa uwindaji kapiga goti nyuma ya mbogo, bunduki imelazwa juu ya shingo, chini kaandika "inchi 44, hongera timu", yaani upana wa pembe. Hongera zikamiminika, makofi, vidole gumba, mpaka watu ninaowaheshimu. Mimi nikaivuta ile picha, nikaivuta tena pale juu ya paji la uso ambapo pembe mbili zinakutana, nikaona nywele. Mstari mpana wa nywele kabisa, na kushoto na kulia kwake ile sehemu ambayo ilitakiwa iwe imekauka kama gome la mti wa zamani, bado ina rangi ya kijivu, bado laini. Nikaweka simu chini. Yule alikuwa kijana jamani. Miaka 5, 6 kwa kukadiria, na tumempongeza mtu kwa kumuua.

Nimekasirika na sitaki kuficha, kwa sababu hili jambo nililiona kwa macho yangu nikiwa na miaka 22, mwaka wangu wa kwanza kambini, kazi yangu kubeba maji na begi la mteja. Kampuni siitaji jina, na kitalu cha uwindaji sikitaji. Zilikuwa zimebaki siku 2 safari iishe na mteja hajapata mbogo. Asubuhi tukafuata nyayo kama saa tatu hivi, tukawakuta madume wanne kwenye majani marefu, na mmoja alipoinua kichwa hata mimi nisiyejua kitu moyo uliruka, pembe zimetoka nje ya masikio huko, ncha kali kama mkuki. Mzee wetu wa kufuata nyayo, sisi vijana tulikuwa tunamwita Babu, akaangalia na darubini muda mrefu, akaishusha, akamwambia mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mteja, kwa sauti ya chini, "Huyu bado, bosi. Kichwa hakijafunga. Yule wa nyuma ndiye mzee." Yule wa nyuma alikuwa na pembe fupi, ncha zimelika zimekuwa butu kama vidole gumba, uso umenyonyoka nywele, sikio moja limechanika. Mteja akaangalia mmoja, akaangalia mwingine, akauliza inchi ngapi. Basi. Swali likawa hilo tu, inchi ngapi, na risasi ikaenda kwa kijana.

Tulipomfikia Babu akaniita, "Njoo mwanangu, weka kidole hapa." Nikabonyeza pale katikati ya pembe. Pakaingia. Kidogo tu, lakini pakaingia, kama unabonyeza kwato ya ndama, na kulikuwa bado na joto. Sijawahi kusahau lile joto kwenye kidole.

Sasa ubaya wa tepu ni huu, na hapa naomba mnisikilize hata kama mmechoka na maneno yangu. Pembe ya mbogo inafikia upana wake kabla mwenyewe hajawa mzee. Miaka ya mwanzo pembe zinakimbia, zinatoka pembeni, zinashuka, zinapinda kwenda juu, na ncha zinabaki kali kwa sababu hajazitumia sana. Ile kofia ya kwenye paji ndiyo inachelewa, inajaa taratibu, inakauka taratibu, na kwa kawaida haijawa ngumu kabisa mpaka miaka 7, 8, wengine hata 9. Baada ya hapo maisha yanaanza kumla, anasugua miti, anachimba tope, anagongana na wenzake, ncha zinalika, na dume aliyekuwa na inchi 42 akiwa kwenye ubora wake anaweza kuja kuwa na 37 uzeeni. Kwa hiyo ukimwambia mtu tafuta pembe pana kuliko zote kwenye kundi, umemwambia tafuta dume ambaye ndio kwanza anakaribia kupata majike. Maana dume la mbogo linaweza kuwa na uwezo wa kuzaa mapema, lakini kupata nafasi mbele ya madume wakubwa ni mpaka miaka 7, 8 huko. Amekula majani miaka yote hiyo, amekwepa simba miaka yote hiyo, ameokoka kiangazi baada ya kiangazi, halafu unamtoa mwaka mmoja kabla hajaacha ndama hata mmoja. Zile pembe pana unazozipenda umezikata kwenye ukoo. Na yule mzee asiyepanda tena, aliyejitenga na kundi anaishi na wenzake wawili watatu kwenye tope, meno yamekwisha, ambaye simba watamla mwaka huu au mwakani, huyo unamwacha kwa sababu tepu haimpendi!

Ile inchi 42, kipimo cha chini cha kuingia kwenye kitabu cha rekodi za wawindaji cha Rowland Ward, karibu sentimita 107, imekaa vichwani mwa watu kama dini. Nimekaa kwenye moto wa jioni kambi nyingi na sijasikia mteja akiulizwa "alikuwa na umri gani", ni inchi, inchi, inchi.

Halafu kuna kitu wapiga tepu hawapendi kukisema. Kichwa cha kijana kikichemshwa na kukauka, kile kilaini kinasinyaa. Ndio, hata hizo inchi zenyewe zinapungua.

Binamu yangu anaishi Texas, ameingia kwenye uwindaji wa wale kulungu wa mkia mweupe, ananitumia picha za kamera wanazofunga kwenye miti. Kilichonishangaza, wenzake wakongwe walimwambia siku ya kwanza asianze na pembe, aanze na mwili. Kulungu wa mwaka mmoja na nusu ana miguu mirefu na shingo nyembamba hata kama pembe zina matawi mengi, na mzee wa miaka 5 kwenda juu kifua kimeshuka, tumbo limeshuka, mgongo umebonyea, shingo imeungana na kifua mpaka miguu inaonekana mifupi. Matawi ya pembe hayahesabu miaka, ukame ukija yanapungua, malisho yakiwa mazuri yanaongezeka. Na kulungu ana bahati, pembe zake zinaanguka kila mwaka zinaota upya, ukimwacha leo mwakani anakuonyesha nyingine. Mbogo hana hiyo, pembe zake ni hizo hizo mpaka kufa, na ndiyo maana zimeandikwa umri wake wote ukitaka kuusoma.

Na kusoma si uchawi. Msubiri ainue kichwa akutazame usoni, usimpime akiwa ubavu. Angalia katikati, kama kuna nywele, achana naye. Kama kofia ni nyeusi, imepasuka pasuka, ngumu mpaka chini, tazama ncha, kisha ngozi ya uso ina mabaka?, shingo ni nene na ngozi ya chini inaning'inia?, anatembea na kundi kubwa au na wazee wenzake? Huna uhakika, hupigi. Najua porini unapata sekunde 10 kupitia kichaka na mteja anahema sikioni mwako, nakubali ni ngumu. Ndiyo maana kuna Babu kwenye timu, msikilize.

Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba hela ya hao wateja inalinda ardhi ambayo bila hivyo ingekuwa mkaa na ng'ombe tupu. Kenya walifunga uwindaji 1977, huo mjadala siuingii leo. Lakini kama tunawinda basi tuwinde kwa adabu. Kwa simba tuliweza. Whitman, Packer na wenzao waliandika kwenye jarida la Nature mwaka 2004 kwamba ukiacha madume mpaka wapevuke unaweza kuwinda bila kumaliza simba, na wakaonyesha jinsi pua inavyozidi kuwa nyeusi na umri, Tanzania ikaweka miaka 6 kwenye kanuni, na leo mwindaji bingwa anaangalia pua kabla ya manyoya ya shingo. Mbogo naye anastahili mtu amtazame usoni. Picha ya mbele ya kila kichwa iwekwe kwenye faili, taya lihifadhiwe meno yaangaliwe, na kwenye kuta za kambi watundike wazee wenye pembe butu, vijana wajifunze kuona uzuri wao.

Siku ile mteja alitaka picha na timu nzima. Tulijipanga wote nyuma ya yule kijana, mimi na begi mgongoni. Babu hakuja. Alikuwa kasimama kama mita 30 kutoka pale, katupa mgongo, anatazama yale majani marefu ambako yule mzee wa sikio lililochanika alikuwa amepotelea.