Kulia, Kushoto, Kulia Kulia

Najua mmeshaisikia ile habari ya mimi na gari la Swahiba. Swahiba ameimwaga kwenye kila kikundi tulichomo, na kwa jinsi anavyoisimulia yeye, nilikuwa nacheza ngoma nyuma ya gari. Mwongo! Sikucheza. Nilikuwa nahesabu.

Kwa wageni humu: wiki ya tatu hii napambana na paradidoli, zoezi la vijiti vya ngoma. Mapigo manane tu: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto. Yale mawili ya mkono mmoja ndiyo yanayogeuza zamu, ili duru inayofuata ya mapigo manne ianzwe na mkono wa pili. Orodha ya kimataifa ya mazoezi ya msingi ya ngoma ina 40, mimi nimekwama kwenye hili moja, tena metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mapigo, ikiwa 60 kwa dakika, mwendo wa saa ya ukutani! Mwalimu akaniambia, "Mikono ikigoma, itajie kwa mdomo. Popote ulipo."

Popote. Mimi mtiifu.

Jana jioni Swahiba anarudisha gari nyuma, kaniomba nimwongoze. Nafasi finyu: upande huu ukuta, upande ule pipa la maji, tupu. Nikaanza vizuri, "njoo, njoo, njoo." Kumbe gari lina kile kilio cha rivasi. Pii. Pii. Pii. Jamani, metronomu hiyo! Mikono ikashuka mapajani yenyewe.

"Kulia," nikasema. Akakata kulia. Pii. "Kushoto." Akakata kushoto. "Kulia, kulia!" Naye, Mungu amzidishie usikivu, akazungusha usukani kama alivyoambiwa. Gari zima likawa linakata mauno kwa mapigo yangu, na mimi nikafumba macho. Ndiyo, nilifumba, msiniangalie hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu nishike vijiti, mikono haikugongana! Duru ya pili ikaingia yenyewe, laini kama siagi: "Kushoto... kulia... kushoto..." Nikasikia Swahiba anaita kwa mbali, "We, una hakika?" Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyeokoka: "KUSHOTO!"

NDUUU!

Pipa tupu, wapenzi, lina sauti. Na liligongwa pale pale duru ya tatu ilipotakiwa kuanza, kwenye pigo la kwanza, lenye mkazo. Sasa aibu yenyewe, ambayo Swahiba hajaisema kwa sababu alikuwa bado ameshika kichwa: mimi, macho yamefumbwa, nilitikisa kichwa nikasema, "Eeeh, hapo hapo!"

Bampa limebonyea, pipa limekuwa yai, fundi nalipa mimi. Kulia nilikobakiwa nako ni kule kwa machozi. Tumepatana, ila sasa salamu yangu kwa kila mtu ni "kulia kulia", na wengine wanaitikia.

Mwalimu nimemweleza. Kacheka mpaka kakaa chini, halafu akauliza, "Lakini duru ya pili uliianza na kushoto?"

"Ndiyo."

"Basi weka 65."