Tangi haligandi, bomba ndilo linalopasuka: maji ya gari la kulala kwenye baridi ya Kitulo na Makete

Kuanzia Juni hadi Agosti magari ya kulala, yale ya safari yenye kitanda na tangi la maji, huonekana kwa wingi Nyanda za Juu Kusini, na sababu yake ni barabara. Mvua zimekatika, tope la Kitulo limekauka, na anayetoka Uyole akapitia Isyonje, Kitulo na Makete hadi Njombe anapita bila kutafuta trekta la kumvuta. Miezi hiyohiyo ndiyo umande unaganda juu ya majani ya viazi. Msimu mzuri wa barabara ndio msimu mbaya wa mabomba, na wengi wanaoyafungia magari haya vitanda na mabomba huko Dar es Salaam na Arusha hawana habari nalo.

Mimi ni dereva wa wageni, makazi yangu Mbeya. Ninachotaka kukisema nakisema kwa moyo wote: tunakilinda kitu kisicho na shida, tunakiacha kinachopasuka. Jioni kambini utamkuta mtu anahangaika kulivika tangi magunia na turubai, ameazima mpaka blanketi la mgeni. Wakati huo bomba jembamba linalotoka tangini kwenda kwenye pampu linaning'inia chini ya chesisi, halina hata kitambaa, na baridi yote inaliishia hapo. Kesho yake tangi ni zima na gari halina maji.

Sababu yake si ngumu. Maji yakifika nyuzi 0 hayageuki barafu papo hapo. Lita moja iliyokwisha kufika nyuzi 0 bado inatakiwa kupoteza joto jingi, kiasi ambacho kingetosha kuipasha lita hiyohiyo kutoka nyuzi 0 hadi 80, ndipo yote iwe barafu. Sasa lifikirie tangi la lita 100 lililojazwa mchana maji ya nyuzi 12 au 15. Lina akiba kubwa. Usiku wetu wa baridi kali una saa chache tu zilizo chini ya nyuzi 0, mara nyingi kutoka usiku mkubwa hadi jua linapochomoza, na saa hizo haziwezi kulimaliza tangi. Litapata utando wa barafu juu, basi. Bomba lenye upana wa ndani wa milimita 13 lina maji kama mililita 130 kwa kila mita, hayajazi hata kikombe cha chai, nayo yamezungukwa na hewa ya baridi pande zote. Hayo yameganda kabla jogoo hajawika. Na maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Kwenye bomba lililofungwa huku na huku hayana pa kwenda, yanapasua.

Ndiyo maana naona tangi lililojaa ni salama kuliko tangi la robo, ingawa wengi hufanya kinyume wakidhani wanapunguza hasara.

Vinavyotangulia kufa vinajulikana: bakuli la filta, kichwa cha pampu, kona za plastiki, koki ya kuchanganyia maji ya bafu, na kipande kifupi cha bomba kinachochomoza chini ya tangi. Bakuli la filta ndilo baya zaidi, kwa sababu linashika maji hata ukidhani umemwaga kila kitu. Lifungue kwa mkono, limwage, lilale ndani ya gari.

Utaratibu wenyewe wa jioni ni wa dakika chache, na ningependa kila dereva mwenzangu auzoee kama anavyozoea kupima oili. Funga koki iliyo pale pale kwenye mdomo wa tangi. Fungua koki zote za kutolea maji, ya baridi na ya moto, pamoja na bafu, na mpira wa bafu uulaze chini usibaki umening'inia. Fungua koki ya kumwagia iliyo sehemu ya chini kabisa ya mfumo. Washa pampu kidogo mpaka ianze kutoa hewa, kisha zima. Hita ndogo ya maji nayo imwage. Halafu acha koki hizo zote wazi hadi asubuhi, maana tone litakalobaki likipata nafasi ya kutanuka halina madhara. Na zile koki za mpini zenye tufe ndani, mbali na ile ya tangi, ziache zimekaa nusu. Ukizifunga kabisa au kuzifungua kabisa, maji kidogo yanabaki ndani ya tufe, na ndiyo yanayozipasua. Hili mafundi wengi hawalijui, na nimeona watu wakinunua koki mpya kila msimu wa baridi huku wakilaumu koki za bei rahisi.

Maji ya usiku yawe kwenye dumu la lita 20 ndani ya gari, na ya chai kwenye chupa ya chai. Mgeni hatakosa kunawa.

Asubuhi ina hatari yake. Bomba lililopasuka usiku linaweza kuonekana zima kabisa, kwa sababu barafu yenyewe imeziba ufa. Jua likipanda, barafu inayeyuka na maji yanaanza kumwagika, mara nyingi juu ya betri au godoro. Kwa hiyo usiwashe pampu kwa haraka ya kifungua kinywa. Subiri jua liguse upande wenye mabomba, fungua koki ya tangi polepole huku mtu mwingine amechungulia chini, halafu ndipo pampu. Kama kuna sehemu bado imeganda, ipe kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu. Moto wa gesi na maji yanayochemka ni kwa kupikia, si kwa plastiki iliyopigwa baridi usiku kucha.

Nimewaona vijana wetu wakijifunza mambo haya kutoka kwenye video za Marekani na Kanada. Siwalaumu kwa kutaka kujua, ila nchi zile zina tatizo jingine. Kule gari linaweza kukaa kwenye barafu wiki hata miezi, mchana na usiku. Mwenye gari anapuliza maji yote kwa kompresa, anamimina dawa maalumu ya rangi ya waridi inayozuia kuganda, anafungia mabomba nyaya za kupasha joto zinazokula umeme wa kambi. Kwetu saa tatu au nne asubuhi umeshavua koti. Nyaya za joto hapa zitakumalizia betri kwa ajili ya saa chache ambazo koki moja ya kumwagia ingezimaliza bure.

Ile dawa ya rangi ya waridi ndiyo inayonitia hofu kuliko yote. Inayotumika kwenye mabomba ya maji ya kunywa ni ya propilini glaikoli, ambayo haina sumu kali. Yetu inayouzwa madukani kwa ajili ya rejeta kwa kawaida ni ya ethilini glaikoli, na hiyo ni sumu. Ladha yake ni tamu, inaharibu figo, inaua. Nimewahi kumsikia fundi akimshauri dereva amimine kulanti ya rejeta kwenye tangi la maji "lita mbili tu, maji hayataganda." Rangi inaweza kufanana, hata dukani mtu akakwambia ni kitu kilekile. Tafadhali, kulanti ya rejeta isiingie kamwe kwenye mfumo ambao mtu atapigia mswaki au kuchemshia uji wa mtoto. Tangi la maji machafu ukitaka kulilinda lisigande kwenye koki yake, tia chumvi ya kawaida. Gramu 100 kwa kila lita zinashusha kuganda hadi karibu nyuzi 6 chini ya sifuri, na inatosha kwa usiku wetu. Hiyo ni kwa maji machafu tu.

Na jiko la mkaa. Kuna wanaoliingiza ndani ya gari ili gari lipate joto na mabomba yasigande. Huku kwetu kila mtu amewahi kusikia habari za familia iliyolala na jiko chumbani na kuamkia msibani. Gari ni dogo kuliko chumba, milango yake ina mipira inayoziba vizuri, na hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu ya kukuamsha. Bomba lililopasuka linanunuliwa tena kwenye masoko ya Mbeya, Soweto au Mwanjelwa, asubuhi hiyohiyo. Siwezi kuliandika hili kwa upole.

Tuje kwenye kuchagua mahali pa kulala, maana hapa ndipo wenyeji wanapowashinda madereva wote. Mgeni anapenda bondeni, karibu na kijito, nyasi tambarare, picha nzuri. Jioni moja upande wa Matamba nilikuwa nataka kuegesha mahali pa namna hiyo, akatokea mzee anarudisha ng'ombe. Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaitikia, akaliangalia gari, akasema, "Mwanangu, hapo mimi hata viazi sipandi mwezi huu. Panda kule juu kidogo." Hakuhitaji kunieleza zaidi. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka na kutuama bondeni. Ndiyo maana wakulima wa vinyungu, zile bustani za bondeni, Njombe na Iringa huona mboga za bondeni zimeungua kwa baridi huku za ubavuni mwa kilima zikiwa nzima. Gari nalo ni hivyohivyo. Tofauti ya hatua mia mbili za kupanda inaweza kuokoa pampu.

Angalia pia anga. Usiku wa mawingu au wa upepo una baridi inayouma mwilini, lakini mara nyingi hauleti sakitu, yaani umande ulioganda. Wa kuogopa ni ule ambao upepo umetulia jioni, hakuna wingu, nyota zimejaa. Ardhi inapoteza joto lake moja kwa moja kwenda angani na hakuna kitu cha kulirudisha. Ukiuona usiku wa namna hiyo, mwaga mabomba hata kama umechoka. Na ukiegesha, geuza upande wenye mabomba utazame mashariki, jua la kwanza lianze kazi hapo.

Urefu wa nchi nao unadanganya. Chimala iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo unakaribia mita 2,600, na katikati kuna ile barabara ya kona hamsini na saba. Kwa kawaida joto la hewa linapungua nyuzi kama 6 na nusu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo mtu aliyekunywa soda Chimala akiwa na shati la mikono mifupi, jioni yake yuko mahali penye nyuzi kumi pungufu, kabla hata usiku haujaanza kufanya yake. Wageni waliotoka Ruaha na joto lake ndio wanaopigwa zaidi, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba Tanzania ina barafu nje ya Kilimanjaro. Wanaowauzia safari waseme. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, si mahali pa siri.

Kwa wanaofunga magari, ombi langu ni dogo. Pampu na filta viwe ndani ya gari, chini ya kitanda au kabati, visifungwe nje nyuma ya tairi. Mabomba yaende kwa mteremko mmoja hadi kwenye koki ya kumwagia, bila kupanda na kushuka, maana kila tumbo la bomba linalala na maji. Kile kipande kifupi chini ya tangi kipewe sponji ya godoro na nailoni juu yake isilowe. Tumieni mpira unaonyumbulika kuliko plastiki ngumu. Gari linalotoka Dar es Salaam na mfumo huo halitakuwa na gharama kubwa kuliko lile linalotoka na bomba limefungwa nje kwa waya.

Na wenye kambi, kuanzia Makete hadi Mufindi, koki zenu za nje zinafika asubuhi zimeganda, mgeni anazunguka na dumu tupu mpaka saa tatu. Bomba linaloletwa kambini likizikwa futi moja, baridi yetu hailifikii, kwa sababu ardhi ya huku inaganda juu juu tu. Kinachobaki ni ile nguzo ya koki inayosimama hewani. Chini yake, ndani ya kishimo chenye kokoto, pawekwe koki ya kufungia na nyingine ya kumwagia, ili mlinzi anapofunga maji usiku aimwage na nguzo. Mipira ya kujazia magari nayo aikunjue, aimwage na kuilaza stoo, siyo kuiacha imefungwa kwenye koki ikisubiri asubuhi.