Rumkowski na wale waliomweka pale

Ukizungumza habari za Wayahudi wa Łódź, haipiti muda kabla hujatajiwa Chaim Rumkowski. Msaliti, watu wanasema, na mjadala unafungwa. Mimi simtetei. Ninachopinga ni jinsi jina lake linavyotumika kuwafunika wenye kesi.

Łódź, huko Poland, ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na kabla ya vita karibu theluthi moja ya wakazi wake walikuwa Wayahudi. Wajerumani waliuteka Septemba 1939, wakaupachika jina la Litzmannstadt, na kufikia tarehe 30 Aprili 1940 walikuwa wamewafungia Wayahudi zaidi ya 160,000 katika mitaa chakavu ya kaskazini, yaani geto. Rumkowski, mzee aliyewahi kuendesha kituo cha yatima, wakamfanya mkuu wa geto. Yeye aliweka tumaini lake lote kwenye kazi: geto likishona sare za jeshi la Ujerumani, litaachwa liishi.

Septemba 1942 Wajerumani wakataka watoto wa chini ya miaka 10, wazee wa zaidi ya 65 na wagonjwa. Tarehe 4 Rumkowski alisimama mbele ya umati akawaambia wazazi: nipeni watoto wenu. Watu zaidi ya 15,000 walipelekwa Chełmno, kambi ya mauaji, ambako waliuawa ndani ya magari yaliyofungwa, kwa moshi wa injini. Kuna picha ya Henryk Ross, mpiga picha wa geto, inayonisumbua kuliko nyingine zote: mtoto aliyevalishwa sare ya polisi wa geto anacheza kumkamata mwenzake. Ross alizifukia negativu zake ardhini 1944, akazifukua Machi 1945.

Sasa, watu hupenda kusema hesabu za Rumkowski zilikuwa za kijinga. Hapana. Geto la Warsaw liliteketezwa 1943, la Łódź likadumu hadi Agosti 1944, likiwa bado na makumi ya maelfu ya watu, huku Wasovieti, waliokuwa wakiwasukuma Wajerumani nyuma, wamekwisha kufika mto Vistula, mashariki ya Łódź. Wakasimama pale. Treni zikawapeleka watu wa geto kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz, na Rumkowski mwenyewe akafia huko. Wasovieti walipoingia Łódź Januari 1945, geto lilikuwa na Wayahudi wasiofika 900. Hesabu ile ilishindwa kwa miezi tu (na hata ingefaulu, wale watoto wasingerudi).

Aliyekuwa na rungu ni Hans Biebow, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Bremen, mkuu wa ofisi ya Kijerumani iliyosimamia geto. Ofisi hiyo ilipokea nguo, ikauza, ikatoa chakula kisichotosha, na watu zaidi ya 40,000 wakafa mle mle kwa njaa na maradhi. Biebow alishtakiwa Łódź na kunyongwa 1947. Anayemlaani Rumkowski kwa sauti kubwa, muulize kama jina la Biebow amewahi kulisikia.